Mashine Iliyokunywa Pumzi za Mama

Shukrani zote ni zake Mola aliyetupa uhai kabla hatujajua kumwomba, na anayeturuzuku kila pumzi, tukiwa macho na tukiwa usingizini. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Namshukuru Mungu kwamba amenifikisha umri huu na bado ananiachia kumbukumbu, hata zile ambazo zamani nilimwomba anifutie.

Hivi karibuni binti yangu anayeishi Masasi mjini alinitumia picha mbili kwenye simu. Zilikuwa picha za mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho, moja kubwa na moja ndogo. Akaandika, "Shikamoo mama. Ile ya zamani imekufa kabisa. Chagua moja kati ya hizi, nikununulie kabla maua hayajafunguka." Sikumjibu siku ile. Kesho yake asubuhi niliingia stoo kuangalia salfa iliyobaki msimu uliopita. Nilipofungua mdomo wa mfuko, ile harufu ikanipanda puani, kali, ya njano kama ilivyo rangi yake. Nikakaa juu ya kinu kilichogeuzwa. Nilikuwa bibi mwenye wajukuu, lakini pale kwenye kinu nilikuwa tena mtoto wa chuo cha Kurani, nimeshika upindo wa kanga ya mama yangu, nasikiliza kifua chake.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya Newala, na mikorosho ilikuwa imeizunguka pande zote. Babu aliipanda wakati nyumba bado ni kibanda. Ilipokua, matawi yakafika juu ya bati, na miwili kati yake ilisimama kwenye dirisha la chumba cha mama, karibu kiasi kwamba maua yake yalidondokea kitandani. Hiyo miwili ndiyo iliyozaa kuliko yote shambani. Kila mwaka, baridi ilipoanza, ubwiri, ule ugonjwa wa mikorosho, ulikuja. Maua yalifunikwa na unga mweupe, yakawa meusi, yakakauka, na korosho zikapotea hivyo. Dawa ilikuwa salfa. Ilipulizwa alfajiri, baada ya swala, wakati umande bado uko kwenye majani na upepo haujaamka, ili unga ushike. Sisi hatukuwa na mashine. Baba alimtegemea mtu wa kukodi, na mtu huyo alikuja alipojisikia, mara nyingi jua likiwa limeshatoka. Salfa yetu ikawa inakwenda na upepo mpaka mashamba ya watu.

Mwaka ule baba aliamua kununua mashine yake mwenyewe.

Mama yangu alikuwa na pumu. Siku njema hungeijua. Alipika, alisuka mkeka, aliteka maji, akacheka na majirani. Siku mbaya kifua chake kilipiga mluzi, mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango, na mabega yake yakapanda na kushuka. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Nilijifunza kuujua mluzi ule kabla sijajifunza kusoma.

Tulikwenda Masasi wote watatu. Baba alikwenda kununua mashine, na mama alitaka kupita hospitali kuchukua vidonge vyake. Mimi nilikwenda kwa sababu nililia. Gari lilipoanza kuteremka kutoka juu kwetu, masikio yaliziba. Tulipita upande wa Lulindi, tukayaona yale mawe makubwa ya Masasi yakitokeza mbele, nami nikafurahi, kwa kuwa sikujua.

Muuza duka aliitwa Bwana Saidi, mtu mnene wa maneno mengi. Alipojua tumetoka wapi, akaanza utani wa shida ya maji ya kwetu.

"Watu wa Newala, karibuni. Kunyweni maji kwanza. Huku kwetu hatuyapimi kwa kikombe."

"Ahsante," baba akamjibu. "Maji tutakunywa. Lakini hatulali huku. Sisi hatujazoea kukaa kwenye mawe kama pimbi."

Bwana Saidi akacheka mpaka akajishika tumbo, na kuanzia hapo wakawa kama ndugu. Akazitoa mashine mbili akaziweka barazani. Zilikuwa za kubeba mgongoni, kila moja na injini yake, tangi la unga juu, na bomba refu la kupulizia. Ile kubwa ilikuwa nyekundu. Ndogo ilikuwa ya kijani, imefifia kwa kukaa dukani.

"Hii ndogo," alisema, akiisukuma kwa mguu, "ni ya mtu mwenye miche mitatu na kuku. Wewe una mikorosho ya babu yako. Chukua hii nyekundu. Wa Lukuledi wanayo, wa Lisekese wanayo, na hakuna aliyerudi kulalamika. Unga unapanda mpaka kileleni na unavuka."

"Unavuka kwenda wapi?" mama akauliza.

"Unavuka mti, mama. Hakuna ua litakalobaki."

Bwana Saidi akavuta kamba ya kuwashia. Sijawahi kusikia sauti kama ile. Ilinguruma mpaka vikombe vikagongana mezani, na moshi wa petroli ukajaa barazani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulisahau maisha yangu yote. Alichukua karatasi ya gazeti akaisogeza nyuma ya mashine, kwenye wavu wa bati. Hakuigusisha. Karatasi ilimtoka mkononi yenyewe, ikaruka, ikaganda kwenye wavu na kutetemeka. "Mnaona nguvu yake?" alipiga kelele juu ya ule mngurumo. "Inavuta nyuma, inatema mbele."

Na wakati uleule, nyuma yetu, mama akaanza kukohoa. Akashika nguzo. Mluzi ukaanza, mkubwa kuliko nilivyowahi kuusikia, mabega yakapanda, mdomo ukafunguka, na hewa haikuingia. Karatasi ilikuwa imeganda kwenye wavu na mama alikuwa ameganda kwenye nguzo. Nikatazama huku, nikatazama kule. Nikaelewa. Mashine ilikuwa inakunywa pumzi zake.

Leo najua ulikuwa moshi wa petroli uliomkaba. Lakini lazima niseme nilikuwa nimejifunza nini. Mwalimu wetu wa chuo alitufundisha kwamba kila mja amepangiwa idadi ya pumzi zake, zimeandikwa kabla hajazaliwa, na ya mwisho ikitoka hakuna wa kumwongezea hata moja. Alitufundisha hivyo ili tusizipoteze katika upuuzi. Mafundisho yale ni ya haki, nami nayaamini mpaka leo. Kosa lilikuwa langu. Nilidhani hesabu ya Mungu inaweza kuibiwa na mashine.

Bwana Saidi aliizima, mama akapewa maji na kidonge, pumzi zikamrudia polepole. Baba alimpepea kwa kofia yake. Kisha akalipia ile nyekundu.

Mashine ikawekwa chumba cha mbele, kwenye kona, ikafunikwa gunia. Wavu wake ulitazama mlango wa chumba cha mama. Tangu siku ile sikumwacha mama. Alipomenya muhogo nilikaa mbele yake nikihesabu pumzi zake mpaka namba ninazozijua zikaisha, kisha nikaanza upya. Chuo sikwenda, nikasema tumbo linauma. Mchana, watu wakiwa shambani, nilikwenda mpaka mlangoni pa chumba kile nikaisomea mashine sura zote fupi nilizohifadhi. Ilikuwa imenyamaza, na kunyamaza kwake kulinitisha kuliko mngurumo. Niliigeuza itazame ukuta. Jioni baba akaikuta, akairudisha ilivyokuwa.

"Nani anachezea mashine?" akauliza.

"Hakuna anayeichezea, Baba Somoe," mama akasema. "Labda paka."

Somoe ndiye mimi.

Maua ya kwanza yalipotokeza, baba akatangaza kwamba kesho baada ya swala ya alfajiri anaanza, na ataanza na miwili ya dirishani. Mama akasema, "Sawa." Alisema huku akikunja nguo, na nikasikia mluzi mdogo ndani ya ile sawa.

Alasiri ile nilichukua kipande cha kanga ya mama iliyochakaa, nyeusi na nyekundu, nikakichana vipande virefu. Nikainama nyuma ya mashine, nikavisukuma kwa kijiti kupitia matundu ya wavu, kimoja baada ya kingine, mpaka havikuingia tena. Nilikuwa na hakika kwamba wakati wowote itaamka na kunivuta vidole. Nilitumia kanga ya mama kwa makusudi, nikidhani mashine ikishiba harufu yake itatosheka.

Alfajiri baba akavaa mashine mgongoni, akajifunga kitambaa usoni, akavuta kamba. Ikanguruma, ikakohoa kama mama, ikakwama. Akavuta tena. Kamba ikagoma. Alivuta mpaka jua likatoka na umande ukakauka. Jirani mwenye mashine ya kusaga akaja, akaigusa huku na huku bila kuifungua, akasema imekaza ndani na kwamba mashine mpya haikazi hivyo. "Wamekuuzia iliyokufa, wakaipaka rangi."

Siku ya pili maua yalizidi kufunguka. Siku ya tatu nikaona kwenye kishada kimoja unga mweupe, mwembamba kama vumbi la chaki. Baba alisimama chini ya mti ule muda mrefu. Korosho zile ndizo zilikuwa sare yangu, vidonge vya mama, na chumvi ya mwaka mzima. Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa nilikuwa na hofu mbili, na kila nilipoikimbia moja niliikuta nyingine.

Baba akasema anarudi Masasi. Mama akasema hamwachi aende na hasira peke yake, na mimi nikamng'ang'ania mama. Njiani mashine ilikuwa miguuni petu, ndani ya gunia.

Barazani kwa Bwana Saidi kulikuwa na wateja. Hakujua, akaanza na utani wake. "Mtu wa Newala amerudi upesi. Umemaliza maji?"

"Umeniuzia mzoga," baba akasema.

Kicheko kikaisha. Baba hakuwa mtu wa ugomvi, na kwa sababu hiyo alipokuwa na hasira sauti yake ilitetemeka. Alisema mbele ya watu wote kwamba Bwana Saidi ni mwizi, ameikarabati mashine ya zamani, amemtoa mtu Newala na fedha ya jasho. Bwana Saidi akamsikiliza mpaka mwisho. Mikono yake minene ilikuwa juu ya meza, haikutikisika.

"Baba Somoe," akasema, "mimi pia nina watoto, na hapa ndipo wanapopata chakula. Mashine ilitoka hapa inanguruma, wewe uliisikia. Sema kitu kimoja tu. Apa kwa Mungu kwamba hakuna mkono ulioigusa nyumbani kwako. Ukiapa, narudisha kila kitu na sikuulizi."

Baba akainua mkono wake wa kulia.

Sijui kama wenzangu mliosoma chuo kama mimi mnakumbuka mlivyofundishwa kuhusu kiapo cha uongo. Sisi tulifundishwa mpaka tukaota. Nikaona mkono wa baba umepanda, nikaona malaika wawili mabegani kwake wameinua kalamu, na nikaona kwamba nimemwokoa mama na sasa namtupa baba motoni, naye hajui. Sauti ilinitoka bila kuiita.

"Baba, usiape."

Watu wakageuka. Mkono wa baba ulibaki hewani.

"Ni mimi," nikasema. "Nimeiziba. Nimeiziba kwa kanga ya mama."

Bwana Saidi alichukua bisibisi, akafungua wavu, na ndani, kwenye pangaboi linalovuta hewa, kanga ilikuwa imejisokota kama utumbo. Akaitoa kipande kipande, nyeusi na nyekundu, akaiweka mezani. Mama akaitambua, akaziba mdomo.

Baba akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Nilifumba macho nikingoja kofi.

"Kwa nini, Somoe?"

"Inakunywa pumzi zake. Ile siku uliiona. Karatasi ilienda, na mama akaishiwa. Mwalimu amesema zimehesabiwa. Ukiiwasha dirishani itazimaliza."

Mteja mmoja akacheka. Bwana Saidi akamtazama, kicheko kikakatika. Baba alibaki amechuchumaa. Nilipofumbua macho, nikamwona hanitazami mimi, anamtazama mama, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba baba naye anaogopa. Nadhani alikuwa akiogopa siku nyingi, kila kifua kile kilipoanza kupiga mluzi, na alikuwa amekwenda kununua mashine kubwa kama mtu anayekimbilia kitu anachokiweza.

Akasimama. Kwanza akamgeukia Bwana Saidi. "Nimekuita mwizi mbele ya watu. Naomba unisamehe mbele ya hao hao."

"Nimekusamehe," Bwana Saidi akasema. "Mshukuru mtoto. Mkono wako ulikuwa umeshafika mbali."

Kisha baba akauliza swali ambalo hakuwa ameliuliza mara ya kwanza. "Mama Somoe, wewe ungechagua ipi?"

Mama akasema hajui mashine. Akasema anachojua ni mlango wake ulipo na upepo unakotoka. Akamwomba Bwana Saidi aitoe barazani ile ya kijani, aiwashe kule uwanjani, na yeye asimame kando. Ikawashwa. Sauti yake ilikuwa ya kuudhi, kama nzi mkubwa. Nilimshika mama kwa mikono miwili nikisikiliza kifua chake, na yeye akauchukua mkono wangu mmoja, akausogeza nyuma ya mashine, karibu na wavu. Nikahisi upepo ukipita katikati ya vidole, ukienda zake. Lakini vidole vilibaki vyangu, na mama aliendelea kupumua.

"Inachukua hewa ya uwanjani tu, mwanangu," akaniambia sikioni. "Pumzi zangu anazo Mwenyewe."

Akauliza kama bomba lake linaweza kuelekezwa juu bila unga kuvuka. Bwana Saidi akakiri kwamba hilo ndilo jema lake, halina nguvu ya kuvuka. Kwa miti mirefu itabidi kupunguza matawi.

"Basi hii," mama akasema. "Na ile miwili ya dirishani isipulizwe."

"Hiyo ndiyo inayozaa kuliko yote," baba akasema taratibu.

"Najua."

Baba akaangalia chini, kisha akasema, "Haya." Wakaelewana na Bwana Saidi kubadilisha, na tulipokuwa tunaondoka akatufuata na dumu la maji. "Chukueni," akasema. "Msije mkasema pimbi hawana ukarimu."

Mwaka ule tulivuna kidogo, maana ubwiri ulikuwa umetangulia. Sare yangu ilikuwa ya mwaka uliopita, iliyoongezwa kitambaa chini. Baba alipunguza matawi, akajifunza kupita mti kwa mti na ile mashine ya kijani kila alfajiri, nami na mama tulitoka na kukaa upande upepo unakotoka, na sufuria la uji kati yetu, mpaka alipotuita. Hofu haikuniacha kwa siku moja. Kwa misimu mingi niliposikia ile kamba ikivutwa, bado nilihesabu. Lakini nilihesabu kimya kimya, na kila mwaka hesabu ilikuwa fupi zaidi, mpaka asubuhi moja nikagundua kwamba nimekunywa uji wote na sijahesabu.

Maua ya ile miwili ya dirishani yaligeuka meupe kila baridi, kisha meusi. Ilitoa korosho za kujaza bakuli tu. Mama hakuziuza. Alizikaanga mwenyewe, akaniwekea mimi, na hata nilipoolewa aliendelea kunitumia zikiwa kwenye kipande cha kanga. Baba alitangulia mbele ya haki kabla yake. Mama aliishi mpaka akawabeba wanangu, pumu na yote, na pumzi yake ya mwisho ilitoka asubuhi tulivu, dirisha likiwa wazi, mimi nimeushika mkono wake. Haikuibiwa. Ilifika tu.

Nilipoinuka kwenye kile kinu nilimpigia binti yangu.

"Chukua ile ndogo," nikamwambia.

"Mama, kubwa inafika mbali zaidi. Muuzaji amenihakikishia."

"Najua. Najua inavyofika. Chukua ndogo."

Akacheka, akakubali. Yeye ndiye aliyemuuguza bibi yake siku za mwisho katika chumba kile chenye dirisha, na sasa mimi ndiye ninayelala humo. "Na ile miwili ya dirishani?" akauliza.

"Iache kama ilivyo."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akuwekee wepesi kifuani mwako na kifuani mwa unaowapenda. Akutolee hofu ulizozibeba tangu utotoni, zile ulizozisema na zile ulizozificha, na akujaalie mtu wa kukuuliza unachagua nini, na wewe uwe wa kumuuliza mwenzio. Na pumzi alizokuandikia, azijaze heri mpaka ya mwisho. Amin.